Simu ya Upepo Ambayo Elinipa Hakuiuza

Elinipa aliletwa Kigoma na barua ya uhamisho. Ilikuwa mwaka 1986, naye ana miaka ishirini na sita, opereta wa simu aliyefunzwa kazi Moshi, mtoto wa Gonja katika milima ya Upare. Barua ilisema miaka miwili. Alishuka mwisho wa reli akiwa na sanduku moja na godoro lililofungwa kamba, akamuuliza mtu wa kwanza aliyemwona posta iko upande gani.

Siku zile mtu wa Kigoma hakumpigia simu mtu mwingine moja kwa moja. Alimpigia opereta. Unazungusha kishikio, sauti ya mwanamke inasema "Kigoma," unamwambia unataka Tabora, naye anachomeka waya kwenye tundu la Tabora na kukuunganisha. Elinipa alikuwa na sikio ambalo wenzake walilishangaa. Laini ya Dar es Salaam ilipokoroma kama chungu cha maharage na mteja akalalamika kwamba hasikii kitu, Elinipa aliingia kati akarudia maneno ya yule wa mbali: "Anasema mzigo umepakiwa jana. Anasema mama anaendelea vizuri." Hakuongeza wala kupunguza. Ndivyo walivyomfundisha, na kama kuna kitu alichojivunia katika maisha yake, ni hicho.

Miaka miwili ikawa tisa. Mwaka 1995 likaletwa sanduku la chuma lenye ukubwa wa kabati la nguo. Mafundi walilifunga kwa wiki mbili, na lilipowashwa kila mwenye simu akawa anapiga mwenyewe bila opereta. Ubao wa Elinipa, wenye matundu aliyoyajua kwa vidole bila kutazama, ulitolewa nje ukaegemezwa ukutani, mvua ikaunyeshea. Yeye na wenzake watatu walipunguzwa kazi siku moja. Wakapewa kiinua mgongo na nauli ya kurudi makwao.

Wenzake waliondoka. Yeye alikaa miezi kadhaa akifikiri. Mama yake alimwandikia barua akimtaka arudi, ajenge, apumzike na ugeni. Lakini Elinipa aliona kitu ambacho sanduku lile la chuma halikukiona. Sanduku liliwafaa wenye waya wa simu, na waya uliishia mjini. Wafanyabiashara wa dagaa na mawese walitaka Uvira na Kalemie ng'ambo ya ziwa, walitaka Mwamgongo ambako hata barabara haifiki. Huko kote waya haukuwepo. Kulikuwa na simu ya upepo tu, ile redio ya kuzungumzia kwa kubonyeza na kuachia.

Basi mapema mwaka 1996 akanunua redio moja iliyotumika, kutoka kwa Mjerumani aliyekuwa anafunga mradi wa maji. Akapanga chumba kimoja mtaa wa Mwanga, hapo hapo Kigoma, nyuma kidogo ya soko, akavuta waya mrefu kati ya nguzo mbili za bomba, akaunganisha na betri ya gari, akaweka benchi la wateja. Sisi majirani tulidhani ameingia kazi ya serikali. Alijiambia atafanya miaka miwili, apate cha kujengea, kisha aende kwao.

Wafanyabiashara walikuja, si haba. Lakini waliolijaza lile benchi hakuwa amewapigia hesabu. Mwishoni mwa mwaka ule vita viliwaka ng'ambo ya ziwa, na mitumbwi ikaanza kufika mchana kweupe ikiwa imeshona watu. Miongoni mwao walikuwamo Warundi waliokuwa wamekimbilia Kongo miaka mitatu nyuma, sasa wanakimbia mara ya pili. Walipelekwa kambini upande wa Kasulu. Baada ya muda wakaanza kurudi mjini mmoja mmoja na vibali vya siku mbili, wanauliza: yuko wapi yule mama mwenye redio inayofika Uvira?

Concilie alikuwa mmoja wao. Mwanamke wa Nyanza-Lac, mrefu, mkimya, na binti wa mwaka mmoja mgongoni. Pale ufukweni Uvira mtumbwi ulikuwa umejaa. Mume wake, Niyokwizera, alimpakia yeye na mtoto, akasukuma mtumbwi kwa mikono, akabaki amesimama majini. Concilie alilieleza jambo hilo mara moja tu, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kirundi, na Elinipa hakumuuliza zaidi.

Uvira kulikuwa na mtu aitwaye Martini, mwenye kibanda cha redio kama cha Elinipa. Hawakuwahi kuonana. Walijuana kwa sauti. Martini alimtafuta Niyokwizera mpaka akampata, na mwezi wa pili mwaka 1997 Concilie aliketi mbele ya redio, Elinipa akamvisha spika za masikioni, akamwonyesha kitufe. Mume alikuwa hai. Mwaka ule waliongea mara tatu, na mara ya tatu Niyokwizera alisema maneno ambayo Concilie aliyabeba kama mtoto wa pili: "Usiondoke hapo kambini. Hata wakikwambia nini, usiondoke. Nitakuja nikukute hapo hapo."

Kwa hiyo alikuja kila mwezi aliopata kibali. Alikuja na karanga kidogo, au mkeka aliousuka, na aliposhindwa kulipa dakika zake aliacha mkeka. Mara moja Elinipa alikataa kuupokea. Concilie alikasirika. "Oya, mama, hapana," akasema. "Mimi ni mkimbizi. Ombaomba siyo."

Vita vya pili vilianza Kongo mwezi wa nane mwaka 1998. Septemba Concilie alifika na mgongo mtupu. Alikaa kwenye benchi, na zamu yake ilipofika alisema tu kwamba binti yake alipata homa, akafa, na leo ni siku ya kumi na sita. Kisha akasema: "Niitie Uvira. Baba yake hajui."

Hali ya hewa ilikuwa mbaya. Redio ilinguruma. Elinipa alivaa upande mmoja wa spika, akampa Concilie upande wa pili, vichwa vyao vikakaribiana.

"Uvira, Uvira, hapa Kigoma Mwanga. Martini, unanipata? Ova."

Mngurumo. Akaita mara nne. Ndipo sauti ya Martini ikaja, nyembamba, kama mtu anayeongea chini ya bati wakati wa mvua.

"Kigoma, nakupata kidogo sana. Kama huyo mama yuko hapo, mwambie Niyokwizera hayupo tena. Amekufa mwezi wa nane kwenye barabara ya Fizi. Tulimzika sisi wenyewe. Mwambie pole. Ova."

Concilie aligeuka. "Nimesikia jina lake. Amesema nini? Mimi nimesikia jina tu."

Elinipa alikuwa amesikia kila neno. Alimtazama yule mwanamke, akatazama mahali ambapo kitambaa cha kumbebea mtoto kingekuwa, kifundo chake kingekuwa kifuani. Kinywa chake kikafunguka kusema alichoambiwa, kama kilivyofanya kwa miaka kumi na miwili, na maneno mengine yakatoka.

"Anasema hajamwona mwezi huu. Njia zimefungwa. Anasema tusubiri."

"Tusubiri," Concilie akarudia. Akavua spika taratibu. "Yego, ndiyo. Basi tusubiri."

Alipoondoka, Elinipa alifungua kitabu cha kumbukumbu za mawasiliano, ambacho kila mwenye kibali cha masafa ya redio alitakiwa kukiandika. Aliandika saa, kituo, na chini yake: Taarifa ya kifo. Niyokwizera. Barabara ya Fizi, Agosti. Mkono wake ulikataa kuandika uongo ambao kinywa chake kilikuwa kimeukubali dakika chache kabla. Alijiambia atamweleza mwezi ujao. Mtu hazikwi mara mbili kwa mwezi mmoja.

Mwezi uliofuata Concilie alikuja ameshonewa blauzi na mwenzake, anacheka kidogo kwa mara ya kwanza, akisema ameota mume wake anavuka ziwa. Elinipa alishindwa. Mwezi mwingine ukapita, akajiambia atamweleza baada ya Krismasi. Ilipofika Pasaka aligundua kwamba hana tena habari moja ya kutoa. Alikuwa na mbili, ya kifo na ya kukificha, na ya pili ilikuwa imekua kuliko ya kwanza.

Martini alipouliza hewani, "Yule mama ulimwambia?" Elinipa alijibu, "Nilimwambia. Ova." Tangu hapo Martini hakuligusa tena. Na kwa kuwa kibanda chake kilifungwa na kufunguliwa kufuatana na mapigano, mara nyingi Elinipa alipomwambia Concilie kwamba Uvira haipatikani, ilikuwa kweli. Ukweli wa namna hiyo ulimchosha kuliko uongo wenyewe.

Mwaka 2000 alikuwa amekwisha kupata fedha ya kujenga Gonja. Mama yake alikuwa amezeeka, barua zake sasa ziliandikwa na mtu mwingine. Na hapo ndipo mnunuzi alipojitokeza.

Feliksi alikuwa mfanyabiashara wa Ujiji mwenye maduka mawili ya vifaa vya mitumbwi. Alikaa kwenye benchi asubuhi nzima akihesabu watu, kisha akamwambia, "Dada Elinipa, niuzie. Redio, waya, jina, kila kitu. Nitamweka hapa mpwa wangu, anajua Kirundi vizuri. Wewe nenda ukamwone mama yako." Alitaja bei nzuri. Elinipa aliomba wiki moja.

Katika wiki hiyo akapita Noel, mhandisi wa mawasiliano aliyehamishiwa mkoani kutoka Iringa, ambaye kila mwaka alikagua vibali vya masafa. Wote wawili walikuwa watu wa kuja, hivyo walizoeana. Elinipa alimpa chai, akamweleza.

"Uza," Noel akasema hata kabla hajaweka kikombe chini. "Uza kesho. Wamekuja watu wa kampuni za simu za mkononi, wamepanda kilimani wanapima mahali pa mnara. Mwaka mmoja, miwili ikizidi."

"Watu wangu hawana hela ya simu ya mkononi."

"Leo hawana."

"Na hata wakiwa nayo. Simu ni watu wawili, Noel. Mwenye simu hapa Mwanga atampigia nani Uvira? Atampigia mti? Huko ng'ambo ni redio tupu. Ziwa hili kuanzia juu mpaka chini ni redio tupu. Mnara mmoja wa Kigoma hauondoi hilo."

Noel alitikisa kichwa. "Huko ng'ambo nako wanasimamisha. Bujumbura tayari wanaongea. Dada, wewe si uliuona ule ubao wenu umewekwa nje kwenye mvua? Hakuna mtu mjini hapa anayejua jambo hili kuliko wewe."

Ilikuwa kweli. Ni hapo alipopaswa kusema, sawa, nauza. Hoja yake ya watu wawili ilikuwa na akili ndani yake, na angeweza kuitetea mbele ya benki yoyote. Lakini usiku na mchana wa wiki ile hakuwa akifikiri juu ya minara. Alikuwa akimwona mpwa wa Feliksi ameketi kwenye kile kiti, amevaa zile spika, mwenye Kirundi kizuri na kitabu cha kumbukumbu mbele yake. Concilie anaingia. "Niitie Uvira." Martini anashangaa hewani: huyu mama si alikwisha ambiwa?

Alimjibu Feliksi kwamba hauzi.

"Basi nitafungua yangu," Feliksi akasema bila chuki. "Hapo ng'ambo ya barabara. Tugawane wateja."

Hilo lilimtisha kuliko lile la kwanza. Mwenye redio ya pili angeweza kumpata Martini siku ambayo yeye angesema hapatikani. Mara nyingi Elinipa alikuwa kimya kwa sababu betri imekwisha na umeme wa kuichaji haupo. Siku kama hizo wateja wangevuka barabara. Hivyo akafanya jambo ambalo mji mzima ulilisifu. Alichukua fedha ya nyumba ya Gonja, akaagiza paneli nne za umeme wa jua kutoka Dar es Salaam, betri kubwa sita, na redio ya pili yenye nguvu mara tatu ya ile ya kwanza. Paneli zilipopandishwa bati la Mwanga liling'aa mpaka watu wa sokoni wakaja kutazama.

"Mwanamke ana roho ya biashara," watu walisema. Feliksi naye alikuja kutazama. Aliangalia paneli, akaangalia nguzo mpya, akaona hawezi kushindana na mtu aliyezama hivyo. Fedha yake akaipeleka kwingine. Akawa wakala wa simu za mkononi wakati bado hakuna hata moja inayofanya kazi Kigoma. Watu walimcheka.

Elinipa alimwandikia mama yake kwamba nyumba itangoja kidogo. Mama alikufa mwaka uliofuata, mwezi wa sita. Taarifa ilimfikia kwa barua, siku kumi na tatu baada ya maziko. Alikaa na barua ile mbele ya redio mbili ambazo zingeweza kuita Kalemie na Mpulungu, lakini Gonja hakukuwa na mtu wa kupokea.

Mnara ulisimama. Kwanza walionunua simu ni maofisa na wenye mabasi, na Elinipa akaona utabiri wake ni sahihi. Wafanyabiashara wa dagaa walizinunua kisha bado wakaja kwake kuita Uvira. Akapumua. Halafu, bila siku moja ambayo mtu angeweza kuionyesha kwa kidole akasema ni hii, wakapungua. Mteja wa dagaa wa Uvira alikuwa amepata simu. Mteja wa mawese wa Rumonge amepata simu. Na kila mmoja wa ng'ambo aliyepata alimvuta mmoja wa huku. Ile hoja ya kwamba simu ni watu wawili, ambayo Elinipa aliitegemea kama ukuta, iligeuka kamba, ikawavuta wote kwa pamoja. Ndani ya miezi minane benchi lilibaki na wakimbizi tu. Mwaka 2003 ulipoanza, hata wao wakawa wachache.

Alijaribu kuuza redio ile kubwa. Noel alimuulizia kwa watu wa hifadhi, kwa misheni, kwa wenye maboti. Wote walikuwa wanauza zao.

Asubuhi moja ya mwezi wa tatu Concilie aliingia. Hakukaa kwenye benchi, ingawa lilikuwa tupu.

"Amahoro, mama," akasema.

"Amahoro, Concilie. Karibu. Leo hewa ni nzuri, ngoja nimwite..."

"Usimwite."

Elinipa alikuwa amekwisha shika kitufe. Akakiachia.

"Mwenzangu mmoja kambini alinipa namba ya Martini," Concilie akasema. "Martini ana simu siku hizi. Hapo karibu na stesheni kuna dada ana simu ya kukodisha kwa dakika. Nimetoka hapo sasa hivi. Sauti haina mngurumo, mama. Nimemsikia mpaka anavyomeza mate." Akasogea mezani. "Akaniambia pole tena. Nikamuuliza, tena vipi? Akasema, ile ya kwanza uliletewa na Elinipa. Miaka mitano nyuma."

Elinipa alizima redio.

"Ulikuwa umemzika mtoto," Elinipa akasema. "Siku kumi na sita. Nilitaka kukwambia mwezi unaofuata."

"Mwezi unaofuata nilikuja."

"Ulikuja."

"Na mwingine nikaja. Nikaja na mikeka." Hakupaza sauti. "Unajua dada yangu amerudi Nyanza-Lac mwaka jana? Walileta malori ya wanaotaka kurudi. Alinililia niende naye, tukalishike shamba la michikichi la baba. Nikamwambia mume wangu alisema nisiondoke. Shamba sasa lina watu wengine, dada anaishi kwenye kona. Kuna mwanamume alinitaka, mtu mzuri, fundi seremala. Nikamwambia mimi nina mume. Mana yanje, Mungu wangu! Nilikuwa na mume ambaye majani yamemwota juu."

Elinipa alijaribu kusema nisamehe. Alisema hivyo, lakini kwa sauti ndogo ambayo Concilie aliipita kama mtu anavyopita kibanda kisicho na anachotaka kununua.

"Uliandika?" akauliza. "Wewe huwa unaandika kila kitu. Uliandika siku hiyo?"

Elinipa alisimama, akatoa kitabu cha mwaka 1998 rafuni, akafungua ukurasa bila kuutafuta. Concilie hakujua kusoma sana, lakini jina la mume wake alilijua. Aliliwekea kidole.

"Uliandika kweli," akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka. "Kwenye karatasi ulisema kweli. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo."

Akaomba ukurasa ule. Kambini, mjane asiye na karatasi aliendelea kuandikwa kama mke wa mtu. Elinipa aliuchana kwa rula ili usipasuke, akaukunja, akampa. Concilie aliuweka ndani ya blauzi na kutoka. Hakulaani, hakubamiza mlango. Sisi tuliokuwa nje tulimwona akipita tukamsalimia, naye akaitikia.

Baada ya wiki moja tulisikia kwamba kambini wanakaa msiba wa mtu aliyekufa miaka mitano iliyopita. Elinipa alinunua mchele nusu gunia, sukari, na kitenge cheusi chenye maua ya kijani, akapanda lori la Kasulu. Alifika kizuizi cha kambi saa sita mchana. Askari alimwomba kibali cha kuingia.

"Mimi ni Mtanzania," Elinipa akasema.

"Ndiyo maana nakuomba kibali, mama. Wao wanahitaji cha kutoka, wewe unahitaji cha kuingia. Cha leo kilitakiwa kuombwa wiki iliyopita."

Aliketi juu ya gunia lake la mchele pembeni mwa mti wa kizuizi. Watu wa ndani walipita upande wao, yeye akiwa upande wake. Mwishowe alikuja mwanamke mmoja wa makamo, Honorata, mwalimu wa dini kambini, aliyekuwa akimfahamu kwa sababu naye aliwahi kuita Uvira. Alisikiliza, akaita vijana wakabeba vitu, akaenda navyo. Elinipa alingoja zaidi ya saa mbili.

Honorata alirudi peke yake, kitenge kikiwa mkononi.

"Mchele na sukari wamepokea, ni vya wafiwa wote," akasema. "Hiki amesema urudi nacho."

"Hakusema neno?"

"Amesema kesho padri atamwombea mume wake, na sasa wana mwezi wa kifo chake wa kutaja." Honorata akamtazama kwa huruma iliyochanganyika na kitu kingine. "Nenda nyumbani, mama. Lori la mwisho ni hilo linalowashwa."

Concilie alirudi Burundi mwaka uliofuata na msafara wa malori. Hawakuonana tena.

Na Elinipa? Zile redio mbili bado ziko naye, hakuna aliyezitaka hata bure. Lakini paneli na betri, alizozinunua kwa sababu ambayo hakuweza kumwambia mtu, ndizo zilizomlisha. Umeme ulikuwa wa kukatika, simu zilikuwa nyingi, na chaja inataka umeme. Watu waliacha simu zao asubuhi wakazichukua jioni, na siku za gulio alikuwa na simu hamsini mezani, kila moja na karatasi yenye jina la mwenyewe. Noel alipohamishwa tena alikuja kumuaga, akamtania kwamba ile hesabu aliyoikosoa kumbe ilikuwa na faida. Elinipa hakucheka. Alisema mtu akiuliza, amwambie ni bahati.

Alipata mteja wa zile paneli mara mbili, kwa bei ya kumtosha kurudi Gonja na kuanza upya. Mara zote mbili alijibu kwamba atafikiri. Gonja alikuwa na kaburi asilolijua liko upande gani wa shamba, na ndugu ambao wangemuuliza alikuwa wapi. Kigoma hakuna aliyemuuliza kitu.

Simu zile huita mezani zikiwa kwenye chaja. Wakati mwingine moja huita mara tano, mara sita, mpaka sisi wa nje tunaona ni jambo la haraka, tunamwambia, "Mama Elinipa, si uipokee tu, umwambie anayepiga kwamba mwenyewe hayupo?"

Yeye huisogeza ile simu kidogo isianguke, akaendelea na kazi yake.

"Hapana," husema. "Atakuja aisikie habari yake mwenyewe."